Kisu cha Mzee Mnofu

Mimi si mtu wa kujisifu. Wateja wangu wa saluni watakuambia vingine, lakini mtu aliyekalishwa kwenye kiti tangu asubuhi huwa anasema mengi. Leo nitajisifu, tena bila kuomba radhi, kwa sababu habari yenyewe ni ya baba yangu, na anayemsifu baba yake hahesabiwi kwamba amejisifu. Kama hujawahi kutafuna nyama kavu inayotoka jikoni kwetu, pole sana.

Baba alikuwa na bucha. Halikuwa bucha kubwa: mlango mmoja, gogo la kukatia, mizani, na ndoano ukutani. Lakini watu walipita mabucha mengine njiani wakaja kupanga foleni kwake. Baba alikuwa anaishika nyama, anaigeuza, anaipapasa kwa kidole gumba kama anayetafuta kitu alichokidondosha, kisha kisu kinaingia mara moja tu. Hakuwahi kumfungia mtu mfupa akaufunika kwa kipande kizuri juu ili uonekane ni nyama. Ndiyo maana wakamwita Mzee Mnofu, na jina likamganda, lile alilopewa na wazazi wake likabaki kwenye kitambulisho tu.

Alikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyewahi kuivunja mbele yake. Kisu hakipokezwi mkono kwa mkono. Ukimaliza nacho unakilaza kwenye gogo, unaondoa mkono wako, na anayekitaka anakiokota mwenyewe. Anayekilaza amemaliza kazi, anayekiokota ameikubali, na hakuna kulazimishana. Hata nyumbani, mama akiomba kisu cha kumenyea vitunguu, baba alikilaza mezani. "Bahati yangu pete ulinivisha kidoleni," mama alikuwa anamwambia, "ungeweza kuniwekea mezani nayo."

Halafu mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka. Mwanzoni alisingizia chai kali, akasingizia baridi, akasingizia kukosa usingizi. Tulianza kumjua anakuja kwa mlio wa kikombe kwenye sahani kabla hatujamwona mwenyewe. Daktari akautaja ugonjwa kwa jina lake, akaandika dawa, akasema dawa zitaupunguza ila hazitauondoa. Baba akameza dawa, akaendelea na kazi kama aliyeambiwa habari za mtu mwingine.

Siku moja mteja alinyoosha kidole kuonyesha kipande anachokitaka. Kisu kikapita karibu na kidole kile, mteja akakirudisha kifuani kama aliyegusa pasi ya moto. Hakuumia. Alicheka, hata akatania kwamba kidole hakikuwa kwenye bei. Baba hakucheka. Alimfungia nyama yake, akafuta gogo, akafunga mlango, akaja nyumbani na kisu kimeviringishwa gazeti. Kilikuwa kile kirefu chembamba, chenye mpini wa mti uliokwisha kushika umbo la vidole vyake. Akakilaza juu ya meza ya jikoni, akaondoa mkono.

Hakuna aliyekiokota. Ningekiokota mimi nikifanyie nini? Mimi ni msusi. Kikalala pale kutwa nzima, tukala tukikizungushia sahani. Mwisho mama ndiye aliyekichukua, tena si kwa kuikubali kazi. Alikiviringisha kwenye kitambaa, akaenda nacho chumbani, akakifungia kwenye sanduku lake la nguo. Ufunguo akauweka mahali ambapo mwanamume mwenye adabu haulizi.

"Sitaki kuja kuokota vidole jikoni kwangu," alisema.

Tangu hapo baba akawa anamwita Afande.

Bucha likarudishwa kwa mwenye nyumba. Baba akahamia saluni kwangu. Saluni ni chumba cha mbele cha nyumba yetu, mlango wake unatazama barabara. Alikaa kwenye kiti cha pembeni na gazeti mkononi, na gazeti lenyewe lilivyokuwa linachezacheza sijui alikuwa anasoma nini. Waliokuwa wateja wake walipopita walichungulia ndani: "Mzee Mnofu, upo?" Naye alijibu bila kuinua macho: "Alikuwepo."

Watu walicheka, wakidhani ni utani wa kawaida wa mzee. Mimi nilisikia, nikajikuta navuta nywele za mteja mpaka anaguna. Kilichoniuma zaidi ni kwamba aliacha kula nyama. Mama hukata nyama kama anapasua kuni, na baba akiletewa sahani alisogeza vipande pembeni, akala mboga na mchuzi. Mtu aliyelisha nyama nusu ya mtaa, leo anakunywa mchuzi kama mtoto aliyeota jino la kwanza! Nilitaka kugombana na mtu, ila sikujua nigombane na nani.

Mashine ilikuja kwa bahati tu. Mteja wangu mmoja alikuwa anahama, hakutaka kuibeba, akaniachia. Ni trei za plastiki zenye matundu, zimepangwa moja juu ya nyingine, na chini yake kuna feni na kipasha joto. Inakausha vyakula. Niliiweka kwenye chumba kidogo kati ya saluni na jikoni. Baba akaja kuitazama, mikono nyuma.

"Si lile dude la kukaushia nywele hili?" akauliza. "Sasa unataka kusuka maembe?"

Acha acheke. Kumbe alikuwa amesema kweli bila kujua, maana kazi yangu ndiyo iliyonifundisha mashine ile. Nywele zilizooshwa ukizipiga moto mkali zinakauka juu, chini zinabaki mbichi, na baada ya muda mteja anarudi kichwa kinanuka. Matunda ni vilevile. Moto uwe wa kadiri, upepo upite, na wewe uwe na subira. Nilichagua embe lililoiva lakini bado gumu, nikakata vipande vya unene mmoja, nikavichovya kwenye maji ya ndimu visigeuke rangi, nikavipanga visigusane. Vikishakauka na kupoa naviweka kwenye chupa ya kioo, naitikisa kila siku. Kioo kikitoa jasho ndani, vinarudi kwenye trei. Nikafanya ndizi, nikafanya nanasi. Siku moja nilikausha nanasi na kitunguu saumu kwa pamoja ili kuokoa umeme, nikapata nanasi lenye harufu ya kitunguu. Baba alilionja akasema ni dawa nzuri ya kufukuza wageni wasioaga.

Lakini maembe, ndugu yangu! Wateja waliokaa kusukwa wakaanza kutafuna, kisha wakaanza kuondoka na mifuko. Nami nikagundua kwamba mteja anayetafuna hasemi "taratibu, unaniumiza." Biashara mbili zikashikana mikono.

Mmoja wa wateja hao ni kocha wa timu ya wasichana ya mpira wa miguu, mwanamke mwenye sauti isiyohitaji filimbi. Safari yao ya mwisho ya mbali walikula vya njiani, na nusu ya timu ikacheza imeshika tumbo. Walifungwa, na Kocha hajawahi kuisamehe sambusa yoyote tangu siku ile. Sasa walikuwa na mechi nyingine, mbali zaidi, kutwa nzima ndani ya basi.

"Dada, haya matunda nayachukua yote," aliniambia akiwa amefumba macho chini ya kitana changu. "Ila wasichana wangu wanataka na kitu chenye nguvu. Nyama kavu unaweza?"

"Naweza," nikajibu. Mdomo wangu huwa unafika kabla yangu.

Nikanunua nyama, nikaikata nilivyojua, nikaitia chumvi, pilipili manga na kitunguu saumu, nikaikausha. Kwa macho ilipendeza. Nikampa Kocha mfuko wa kuonja. Kesho yake akarudi, akasimama mbele ya kioo changu, taya akiishikilia kwa mkono.

"Dada, hiki kipande nilianza kukitafuna nikitoka hapa mlangoni kwako. Nimefika nyumbani, nimeoga, nimepika, bado niko nacho." Akatoa kingine kwenye mfuko, kinene, akakipasua. Katikati kilikuwa chekundu, kibichi. "Na hiki ndicho kitakachotumaliza kabisa. Safari ni wiki ijayo. Kama huwezi niambie tu, dada yangu, hatutagombana. Nitawabebea mayai ya kuchemsha."

"Basi zima na mayai ya kuchemsha?" mteja mwingine akauliza.

"Ndiyo maana nakuja hapa kwa unyenyekevu."

Nikauchukua ule mfuko, nikaumwaga mezani. Nikasikia gazeti likikunjwa. Baba alinyanyuka kwenye kiti chake, akaja mpaka mezani, akaokota kipande kimoja, akakiinua kwenye mwanga wa mlango.

"Nani ameitenda hivi nyama hii?"

Ilikuwa sauti ya bucha. Sikuwa nimeisikia tangu alipofunga mlango ule.

"Mimi, baba."

"Umeikata vipi?"

"Kwa kisu."

"Sikuulizi silaha! Umeikata kwa kufuata nyuzi. Hii siyo nyama, huu ni mkanda. Mtu akiuvaa, suruali haishuki mpaka afe."

Kocha alicheka mpaka akakaa. Baba hakuwa na habari naye, alikuwa ameshaanza. Nyama ina nyuzi, alisema, zimelala upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Ukizifuata, mlaji anatafuna uzi mzima kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukizikata kwa kuzipitia katikati, kila uzi unakuwa mfupi, jino likigusa tu unaachia. Mafuta yote yatoke, kwa sababu mafuta hayakauki, yanachacha. Na unene uwe mmoja, la sivyo chembamba kitageuka kuni wakati kinene bado kinalia damu. Alisema maneno mengi kuliko yote aliyoyasema tangu aanze kukaa kwenye kile kiti. Mama alikuwa ametuletea chai, akabaki amesimama na sinia mkononi mpaka chai ikapoa.

"Sawa," Kocha akasema akichukua mkoba wake. "Mzee amesema. Nakuachieni muda."

Tukaingia jikoni. Nilishika kisu cha kawaida, baba akasimama nyuma yangu. Hapo ndipo shida ilipoanza, maana hasira zangu nimezirithi kwake, na jiko letu ni dogo.

"Taratibu. Hapana. Sasa unapanda mlima. Haya, sasa unashuka. Wewe unakata nyama au unachonga sanamu?"

"Nakata, baba."

"Tazama hiki, huku kidole, huku karatasi. Lete kingine. Tena! Huoni kisu kinakwenda wapi?"

"Basi kata wewe!"

Mama alikuwa mlangoni. Baba akautazama mkono wake wa kulia, vile unavyomtazama ndugu aliyekuaibisha mbele ya wageni. Kisha akatoka, akavuka barabara. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mama hakunigombeza, na afadhali angenigombeza.

Nilidhani ameenda kutembea apoze hasira. Kumbe alikuwa ameenda kwa seremala, ng'ambo ya barabara, na alikaa huko mpaka nikaanza kuchungulia dirishani. Kesho yake akaenda tena. Aliporudi alikuwa na kitu kwapani, na seremala mwenyewe anamfuata nyuma ili asipitwe na mambo.

Ulikuwa ubao mpana, na kingo zake mbili zimepigiliwa fito nyembamba, kimo chake unene wa penseli. Pamoja nao kulikuwa na kibao kingine kidogo chenye mpini juu, kama kile cha fundi wa kupiga lipu.

"Tatizo siyo mkono kutetemeka," baba alisema, akiuweka mezani. "Tatizo ni kisu kukosa pa kulala."

Akatuonyesha. Nyama inakaa katikati. Mkono wa kushoto unaibana kwa kile kibao kutoka juu, hivyo vidole viko mbali, havina habari. Kisu kinalazwa bapa juu ya fito zote mbili, kisha kinavutwa. Hakiwezi kupanda wala kushuka. Kinachobaki chini ni unene wa penseli, wala si zaidi.

"Mimi nilimwambia hii ni reli ya treni," seremala akadakia.

"Nami nikamwambia treni inatetemeka tangu inapoondoka mpaka inapofika," baba akasema, "na haitoki njiani."

Mama alikuwa amekunja mikono.

Baba akaanza mazoezi na kisu cha mkate, kwa sababu ndicho pekee nyumbani kilichokuwa kirefu cha kufika fito zote mbili. Alianza na nanasi. Mwanzo mkono ulimkataa, kisu kikawa kinagongagonga mbao. Kisha akajifunza kukilaza kwanza, kutulia, halafu kuvuta. Vipande vikaanza kutoka sawasawa, kimoja hakimcheki mwenzake. Alikata mananasi, akakata maembe, akakata viazi ambavyo hakuna aliyekuwa anavihitaji. Trei zangu hazikupoa wiki ile. Seremala alikula nanasi kavu mpaka akaomba apumzike. Na mimi nikimtazama baba ameinama juu ya ule ubao, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo, nilijua si nanasi analolitafuta.

Mama naye alijua. "Nanasi halina damu," alisema siku moja, akapita na ndoo yake.

Nikamfuata uani. "Mama, mwache ajaribu."

"Nimwache?" Akaiweka ndoo chini. "Wewe ulikuwa shule. Mimi ndiye niliyekuwa namsubiri jioni arudi, kitu cha kwanza namtazama vidole ndipo nimpe salamu. Miaka yote hiyo. Alipokilaza kile kisu nililala usingizi, mwanangu. Usiniombe nirudi kukesha."

Alikuwa na haki yake, na baba alikuwa na yake, na mimi nilikuwa katikati na mashine ya kukaushia maembe.

Ikabaki siku mbili timu isafiri. Asubuhi baba akaenda sokoni kununua nyama mwenyewe. Nilikwenda naye, maana sikutaka kupitwa. Kwenye bucha la kwanza alitazama akaondoka. La pili vilevile. La tatu akamwambia mwuzaji ageuze pande, tena ageuze, tena alitoe lile la nyuma kabisa lililowekewa wateja wa heshima.

"Mzee, kwani unaijua nyama?" mwuzaji akauliza, amechoka.

"Nimewahi kuiona," baba akasema.

Tukaondoka na nyama ya paja, nyekundu, isiyo na mafuta. Aliniamuru niiweke kwenye friza mpaka iwe ngumu lakini isiwe jiwe, ukiibonyeza ikubali kidogo. Nyama laini inakimbia kisu, iliyoganda hivyo inasimama. Ilipofika kiasi chake baba alinawa mikono mpaka viwikoni, akavaa aproni yake ya bucha, ambayo sikujua kwamba bado ipo. Akaiweka nyama kwenye ubao, nyuzi zake zimesimama wima kama njiti ndani ya kiberiti, ili kisu kikipita kizikate zote katikati. Akaibana kwa kibao. Akalaza kisu cha mkate juu ya fito, akavuta.

Nyama ikachanika. Kile kisu kina meno, kimetengenezwa kwa mikate. Akajaribu tena, ikachanika tena, ikatoa nyuzinyuzi kama kitambaa kikuukuu. Visu vyetu vingine ni vifupi, havifiki fito ya pili. Baba akakiweka kisu cha mkate pembeni.

Hakuomba. Hakumtazama mama, hakunitazama mimi. Alisimama tu, mkono wa kushoto juu ya kibao, wa kulia ukitetemeka pembeni ya aproni. Nyama ilianza kutoa unyevu, na ikilainika hakuna reli itakayoisaidia. Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, watu husema, na kisu kikali kilikuwa chumba cha pili ndani ya sanduku. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Naomba mwandike mahali kwamba siku hiyo niliufunga.

Mama alikuwa kwenye beseni la vyombo. Akafuta mikono, polepole, kidole kimoja kimoja. Akatoka. Nikasikia bawaba za sanduku.

Alirudi na kile kitambaa. Alipokifungua, kisu kiling'aa. Hakikuwa na doa la kutu, makali yalikuwa safi, na kilinukia mafuta mapya. Kisu kilichofungiwa muda wote ule kwenye sanduku la nguo hakiwi hivyo. Baba alikitazama, akamtazama mama.

"Afande. Nani alikuwa anakipaka mafuta?"

"Ulidhani kinajipaka chenyewe?"

Hakumpa mkononi. Alikilaza juu ya ubao, mbele ya baba, mpini ukimwelekea yeye. Akaondoa mkono wake. Kisha akarudi nyuma mpaka kwenye beseni, akalishika ukingo.

Baba akakiokota. Mkono ulitetemeka vibaya zaidi ya siku zote, ncha ya kisu ikagonga mbao, tik tik tik, tukaisikia sote. Akakilaza juu ya fito. Mlio ukakoma. Akavuta, taratibu, kwa bega na si kwa kiganja, na kisu kikatoka upande wa pili bila kelele. Akaondoa pande lililobaki juu, akakibandua kile kipande cha chini, akakiinua dirishani. Kilikuwa kipana kama kiganja, unene mmoja kutoka ukingo hadi ukingo, na mwanga ulipita ndani yake mwekundu.

Akageuka kumwonyesha mama.

"Usiniangalie mimi," mama alisema. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakujisumbua kuyafuta. "Angalia kisu!"

Nimemwona baba akikata nyama tangu nilipokuwa nafika kimo cha gogo. Wakati ule alikuwa hodari, na watu waliupa hadhi uhodari wake, nami niliona ni jambo la kawaida tu, baba ni baba. Siku hiyo nilijivuna mpaka kifua kikaniuma. Nilitaka kufungua mlango wa saluni niwaite wapita njia waingie waone.

Lakini kazi ilikuwa inangoja. Yeye alikata vipande vipana, mimi nikavigeuza kuwa vijiti kwa mkasi, kwa sababu mkasi ni wangu na hapo hakuna anayenifundisha. Mama akachemsha maji ya viungo, kila kijiti kikachovywa kwenye mchemko kabla ya kwenda kwenye trei, ili vya kuumiza tumbo vife kabla upepo haujaanza kazi yake. Tukavipanga, tukafunika, tukawasha. Harufu iliingia saluni, wateja wakawa wanameza mate na kuuliza wanapikiwa nini.

Vilipokauka baba alichukua kimoja, akakikunja. Kilipasuka bila kuvunjika, na kwenye mpasuko nyuzi nyeupe zikaonekana, fupi fupi. Ndivyo inavyotakiwa. Ikivunjika umeikaanga, ikikunjika bila kupasuka bado mbichi. Akakitia mdomoni. Akatafuna amefumba macho, muda mrefu kidogo. Akameza. Akachukua kingine.

Mama alimwona. Aliinama haraka juu ya trei, akajifanya anapanga vilivyokwisha kupangwa.

Timu ilisafiri na mifuko yetu, nyama upande mmoja, maembe na ndizi upande mwingine. Waliporudi Kocha aliingia saluni bila hata kusema hodi. "Hakuna aliyeshika tumbo!" akapiga kelele. "Hata mmoja!" Ilibidi nimwulize mwenyewe matokeo ya mpira. Walishinda. Mimi si mwongo, sisemi walishinda kwa sababu ya nyama ya baba. Huwaambia hivyo wateja tu.

Siku hizi timu haiendi popote bila sisi, wala madereva wa masafa marefu, wala walimu wa shule ya jirani. Seremala ametengeneza ubao wa pili, wenye fito nyembamba zaidi, kwa wanaopenda nyama ya kuvunjika mdomoni. Jioni baba akimaliza hulaza kisu kwenye ubao, na mama hukiokota, akakiosha, akakipaka mafuta hapohapo jikoni mbele ya watu. Asubuhi anakilaza tena mahali pake. Sanduku la nguo sasa lina nguo. Vidole bado anavitazama kila jioni kabla ya salamu, hilo hajaliacha, na baba humnyooshea vyote viwili viwili kama mtoto wa shule anayekaguliwa kucha.

Kwenye kile kiti cha pembeni sasa nakalisha mteja. Juzi nilikuwa namsuka, mlango uko wazi, mzee mmoja aliyekuwa ananunua kwenye bucha zamani akapita, akachungulia, akakuta kiti kina mtu mwingine. Akasita.

"Mzee Mnofu," akaita, kwa sauti ya chini, kama anayeogopa jibu. "Upo?"

Nikaacha kusuka. Sauti ikatoka jikoni, ikapita chumba cha mashine, ikapita saluni, ikafika barabarani:

"Nipo! Subiri kidogo, nina kazi mkononi."